Ugeni Pasipo Mwenyeji

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha mara nyingi, na aghalabu tumeieleza kwa kumlaumu mgeni mvivu: kwamba heshima ya ugeni ina mwisho wake, na kwamba alaye chakula cha watu sharti naye ashike kazi ya watu. Lakini methali yenyewe inachukulia jambo moja bila kulitaja, nalo ni kwamba yupo mtu wa kutoa hilo jembe. Yupo mwenyeji anayehesabu siku, anayemtazama mgeni, na ambaye mgeni humwonea haya. Je, pasipokuwapo mwenyeji inakuwaje? Mtu akifika mahali ambapo hapana mlango wa kubisha hodi wala sauti ya kumwitikia karibu, bado yeye ni mgeni? Na iwapo ni mgeni, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Swali hili halikutujia darasani. Lilitujia kisiwani, katika Ziwa Viktoria, wakati wa likizo, tulipokuwa watu wanne katika mahema mawili, na mvua ikinyesha.

Visiwa vya Ssese viko upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa hilo, nchini Uganda. Kwa hesabu ya kawaida ni visiwa 84, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni Bugala, chenye mji wa Kalangala. Baadhi yake vina vijiji, mashamba na myalo ya wavuvi iliyojaa watu. Vingine ni vidogo, vina miti na mawe tu, wala havina mkazi wa kudumu. Tulikusudia kulala siku tatu katika kimojawapo cha hivyo vidogo. Nia yetu ilikuwa kuishi kwa muda mfupi pasipo vitu: kuchota maji ziwani na kuyachemsha, kupika juu ya mafiga, kulala chini, na kuamka jua linapotuamsha. Nahodha, mzee wa makamo, alitupakia katika mtumbwi wake wa mbao wenye mashine, akahakikisha kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea, akatushusha ufukoni, na akaahidi kurudi siku ya nne asubuhi kabla upepo haujaamka.

Mlio wa mashine ulipofifia, tulianza kazi. Tulipiga mahema palipoinuka kidogo, nyuma ya miti, ili maji yasitufikie, tukakaza vigingi, tukachimba shimo la choo mbali na ufuko, tukaokota kuni. Katika kuchimba, jembe letu dogo liligonga vigae vya vyungu, vinene na vyeusi kwa ndani. Tuliviweka kando tukaendelea kuchimba. Jioni, visubi vya ziwani vilipokuwa vikipanda juu ya maji kama moshi, mwenzetu mmoja alinyoosha mikono akasema, "Walimu, leo tumefika mahali pasipo mwenyewe." Sote tulicheka kwa furaha. Neno hilo ndilo tunalotaka kulichunguza hapa.

Katika ncha ya pili ya kisiwa tulikuwa tumeona kibanda cha miti kilichoezekwa nyasi, kisicho na kuta. Ndani yake palikuwa na mafiga matatu yenye masizi, na pembeni fungu la kuni kavu, zimekatwa kwa urefu mmoja na kuinuliwa juu ya mawe ili zisilowe. Hapakuwa na mtu, wala wavu, wala mtumbwi. Tulitazama tukapita.

Usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha. Kuni zetu, ambazo kwa uzembe tuliziacha nje, zililowa hata moyoni. Usiku huohuo mwenzetu mmoja alishikwa na homa, akatetemeka kwa baridi. Dawa tulikuwa nayo, lakini maji yaliyochemshwa yalikuwa yamekwisha, wala hapakuwa na njia ya kumpikia uji. Wawili wetu walikwenda na tochi mpaka kwenye kile kibanda, wakasimama mbele ya zile kuni.

"Hizi hazina mwenyewe," alisema yule aliyenena jioni ya kwanza. "Angekuwapo, angezilinda."

Mwenziwe akamjibu, "Mwalimu, kuni hazijikati, wala hazijipangi."

Hata hivyo walizichukua. Maji yalichemka, mgonjwa akanywa dawa na uji, na kulipokucha homa ilikuwa imepungua. Karibu nusu ya fungu ilikuwa imekwisha.

Hapo pana maswali mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza ni jepesi: je, ilikuwa haki kuzichukua? Hatudhani yupo msomaji atakayesema kwamba mgonjwa angeachwa atetemeke karibu na kuni kavu. Dharura ina ruhusa zake. Lakini wanafiqhi wa Kiislamu, ambao walilipima jambo hili kwa karne nyingi, hawakuishia hapo. Walisema kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Kisha wakaongeza kanuni ya pili, kwamba dharura haiifuti haki ya mwenye mali. Kanuni hizo mbili zimo katika Mejelle, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Uturuki ya Kiosmani baina ya mwaka 1869 na 1876. Mwenye njaa ale mkate wa mwenziwe asije akafa. Lakini akishapona, mkate huo ni deni juu yake. Ruhusa ya kuchukua si ruhusa ya kusahau.

Swali la pili ndilo gumu. Deni ni la nani, maadamu mwenyewe hatumjui? Mwenzetu yule alishikilia hoja yake, nayo haikuwa ya kipumbavu. Alisema kwamba haki ni jambo la mtu na mtu. Mtu asiyejulikana, ambaye pengine hatarudi, ambaye pengine amekwisha kufa, hawezi kudai. Na pasipo mdai hapana deni. Shukrani tunayojidai kuwa nayo kwa mtu kama huyo, alisema, ni mawazo yetu wenyewe tunayoyapamba.

Ili tumjibu, hatuna budi kurudi kwenye lugha. Lugha yetu haina neno moja tu la mahali pasipo watu. Ina pori na nyika, yaani mahali ambapo mimea na wanyama wametawala. Lakini pia ina mahame, na ina ganjo, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha wakahama. Mtu akisimama katikati ya vichaka huenda asione tofauti kwa macho. Nyasi za pori na nyasi za mahame ni nyasi zilezile. Tofauti imo katika habari, si katika majani. Pori halina jina la mtu. Mahame yanaye mtu, ila hayupo. Anayeyaita mahame pori hajakosea lugha tu: ameifuta habari ya watu.

Visiwa vya Ssese ni mfano mkubwa wa jambo hili. Watu wake wa zamani walikuwa mabingwa wa ziwa. Mitumbwi yao ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi ilibeba majeshi na bidhaa za Kabaka wa Buganda, na katika kisiwa cha Bubembe ndipo palipokuwa na hekalu kuu la Mukasa, mungu wa ziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliingia ugonjwa wa malale. Mwaka 1903 wataalamu waliokuwa Entebbe, miongoni mwao David Bruce, walionyesha kwamba huenezwa na mbung'o, nzi ambao hupenda vichaka vya kandokando ya maji. Inakadiriwa kwamba katika miaka 20 ya kwanza ya karne hiyo watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Uganda. Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliamua kuwaondoa watu wote katika mwambao wa ziwa. Na kuanzia mwaka 1909 hivi watu wa visiwani nao walihamishwa wakapelekwa bara. Waliacha nyumba, migomba, makaburi na mahekalu. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia mwaka 1920 hivi, na wengi hawakurudi kamwe.

Hatusemi hapa kwamba uhamisho ule ulikuwa uovu mtupu. Ugonjwa ulikuwa unaua, na dawa ya kufaa haikuwapo. Tunalolisema ni hili: msafiri aliyepita visiwani humo mwaka 1915 angeona msitu, ndege na ukimya, naye angeweza kuandika kwa moyo safi kabisa kwamba amefika mahali pasipo mwenyewe. Angekuwa mkweli kwa macho yake, na mwongo kwa watu waliokuwa bara wakiutazama upande wa ziwa.

Kusini mwa ziwa hilohilo, upande wa Tanzania, kipo kisiwa cha Rubondo. Huko nako walikaa wavuvi Wazinza, wakahamishwa katika miaka ya 1960, kisiwa kikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Baina ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungwa, wakaachiwa huru msituni, na uzao wao upo mpaka leo. Wageni hulipa ili wapige hema humo na kuuona msitu ambao haukuguswa. Manufaa ya hifadhi hiyo ni ya kweli, na sokwe wale nao walikuwa wafungwa waliostahili kufunguliwa. Lakini anayelala pale na kusifu upweke wa mahali hapo, kidogo akumbuke kwamba upweke huo ulitengenezwa, na kwamba ulikuwa na gharama iliyolipwa na watu wasiokuwa yeye.

Tulipofikia hapo katika mabishano yetu, asubuhi ya siku ya tatu, tulikwenda kuvitazama tena vile vigae vya kwenye shimo la choo. Je, vilikuwa vya watu waliohamishwa mwaka 1909, au vya wazee wao wa karne nyingi kabla? Sisi si wachimbaji wa mambo ya kale, na vigae vyenyewe havisemi. Lakini mtu alifinyanga chungu kile, na mtu alipika ndani yake, mahali ambapo sisi tulichimba choo. Tulilifukia shimo na kuchimba jingine mbali zaidi, na vigae tukavirudisha ardhini. Mwenzetu mwenye hoja alisaidia kuchimba, ingawa alisema kwamba wafu hawanusi.

Pengine msomaji atauliza: kama kila ardhi ilikuwa ya mtu, basi tusitembee popote? La hasha. Mgeni hakatazwi kuja. Wahenga hao hao ndio waliosema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni si kosa. Kosa ni kuja kama mgeni na kukaa kama mshindi. Nasi tuliokwenda na mahema tulikuwa na jambo jingine la kutuonya. Sisi tulilala chini kwa hiari, kwa siku tatu, hali vitanda vyetu vikitungoja nyumbani. Mwenye kibanda kile hakulala pale kwa kutafuta utulivu. Kwenye pwani yetu wavuvi wa Pemba, Unguja na Mafia wana neno lao la maisha hayo: huenda dago, yaani hupiga kambi visiwani na fukweni mbali na kwao, wakifuata samaki kwa majuma au miezi. Dago ni kambi ya riziki. Mtu anayecheza kuwa fukara kwa siku chache hafanyi dhambi, na huenda akajifunza mengi. Lakini akila akiba ya mtu ambaye ufukara si mchezo kwake, mchezo umegeuka kuwa dhuluma.

Basi siku hiyo ya tatu tuliafikiana kwamba kuni zirudishwe. Lakini hapa sharti tukiri. Jua lilitoka, maji yalikuwa shwari, mgonjwa alikuwa amepata nafuu, nasi tulikaa mawezani tukazungumza habari za haki na deni mpaka alasiri. Mizigo miwili mitatu ya matawi ndiyo tuliyoipeleka kibandani kabla ya giza. Tulikuwa tumeshinda siku nzima tukilijadili jembe, na hatukulishika.

Kesho yake nahodha alifika mapema kuliko tulivyotazamia, maana aliyaona mawingu upande wa kusini. Alipokuwa akizunguka kutazama mahali pa kufungia mtumbwi, alipita penye kibanda. Aliporudi alituuliza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha mwaloni, "Walimu, mlipika kule?"

Tulimweleza kisa cha mgonjwa. Akamtazama mwenzetu, akampa pole, akamshukuru Mungu. Kisha akasema, "Mmefanya vyema kuwasha. Lakini mmeacha kidogo kuliko mlichokuta."

Tulimwuliza kama kuni zile ni zake. Alisema hapana, wala hamjui aliyezikata. Yeye hupita hapo mara chache kwa mwaka, naye akipita huongeza. "Anayefika hapa usiku, ziwa limemtupa, ameloa," alisema, "huyo hana mikono ya kukata kuni." Akainama, akatoa panga chini ya ubao wa mtumbwi, akampa mkononi yule mwenzetu aliyesema kwamba mahali pale hapana mwenyewe. "Upepo bado kidogo, Mwalimu."

Tulifanya kazi karibu saa nzima, sote, hata aliyekuwa mgonjwa akiokota vijiti. Tulikata matawi ya mti mkavu ulioanguka, tukayapanga chini ya paa juu ya mawe, mabichi nyuma na makavu mbele, kama tulivyoyakuta. Tukaacha na kiberiti ndani ya mkebe uliofungwa. Fungu halikufikia kipimo chake cha kwanza. Upepo ulianza kuyachafua maji, nahodha akasema basi, tukaondoka.

Katika safari ya kurudi tulipata jawabu ambalo hatukulipata katika mabishano. Mwenzetu alidai kwamba pasipo mdai hapana deni. Lakini nahodha hakutudai kwa niaba ya aliyekata kuni. Alitudai kwa niaba ya atakayezihitaji. Fungu lile halikuwa mali iliyosahauliwa. Lilikuwa amana inayopita mikononi mwa watu wasioonana. Aliyeliweka alitenda wema akaenda zake, kama methali isemavyo. Na wema wa namna hiyo haulipwi kwa kumrudia aliyeutenda, kwani hapatikani. Hulipwa mbele, kwa mtu mwingine ambaye naye hatutamwona. Hakika neno mwenyeji lina mji ndani yake, nasi tumezoea kudhani kwamba mwenyeji ni lazima awe mwenye kukaa. Pale kisiwani tulijifunza maana pana zaidi: pasipo mwenyeji, mgeni aliyetangulia ndiye mwenyeji wa mgeni ajaye. Aliyekata kuni alikuwa mwenyeji wetu bila kutujua. Nasi tulikuwa wenyeji wa mtu fulani tangu tulipokanyaga mchanga ule, ila hatukufahamu mpaka tulipopewa panga.

Mwenzetu hakukubali yote. Mpaka leo anasema kwamba alikata kuni kwa sababu ya kumheshimu mzee aliyekuwapo, si kwa sababu ya mtu asiyekuwapo. Huenda ndivyo. Lakini sisi tunaona kwamba tabia njema inayohitaji shahidi ni nusu ya tabia njema, na kwamba mahali pasipo mtu ndipo penye mtihani wa adabu. Nyumbani kwa watu hatuchafui kwa kuona haya. Kisiwani, nani wa kuonewa haya?

Walimu wenzetu, tunalileta jambo hili katika kurasa hizi kwa sababu maneno yanayohusika ni mali yetu ya kila siku: mgeni, mwenyeji, pori, mahame, amana, deni. Tunayaandika ubaoni, tunayatolea wingi na umoja, tunayatungia sentensi. Mara utakapofundisha methali ya jembe, mwulize mwanafunzi wako swali ambalo methali haikuliuliza: siku ya tatu ikifika na hapana mtu wa kumpa mgeni jembe, mgeni afanye nini? Majibu yatakuwa mengi, na pengine atatokea mmoja atakayesema, kama mwenzetu, kwamba mgeni huyo yu huru. Usimkataze haraka. Mwulize kwanza kama amewahi kufika mahali usiku, ameloa, akakuta kuni kavu.

Kwa upande wetu, tuliondoka na deni la fungu ambalo halikujaa. Likizo ijayo, ziwa likituruhusu, tumenuia kwenda kulimalizia.